Wauze Tu

Kuta za nyumba za Albion Street, mtaa wetu hapa Calderwick, ni nyembamba, kwa hiyo asubuhi ya jirani yangu Lorna Birtwistle niliijua kama yangu. Ilianza na birika, ikafuata simu, akisoma habari kwa sauti. Kwenye simu, habari za klabu yetu ya mpira ndizo zilizotangulia: nani goti limemsumbua, nani anatolewa kwa mkopo, mmiliki kasema uongo gani mpya. Akimaliza hapo anahamia bungeni. Waziri gani kajiuzulu, nani kamgeuka nani, kura zimekwendaje. Likimkera jambo, sauti yake inapenya hadi jikoni kwangu: "Clive! Hebu sikia upuuzi huu!"

Clive ni mumewe. Mapafu yake yaliharibika zamani, akiwa bado kiwandani, na sasa anaishi na mashine ya oksijeni inayonguruma sebuleni mchana kutwa. Hajibu sana. Anainua kidole tu, kimoja kwa habari mbaya ya serikali, viwili kwa habari mbaya ya Calderwick Town.

Lorna mwenyewe anapokea wateja kwenye duka la miwani pale mjini. Jumamosi haendi kazini ng'o, anakwenda uwanjani Mill Lane kutazama mpira. Kulia kwake kwenye jukwaa alikaa Dougie Haslam, mgane, dereva wa gari la mikate, na urafiki wao ulikuwa wa kutukanana. Dougie ndiye aliyembandika jina la Waziri. Niliwahi kwenda nao mara moja, nikawasikia.

"Waziri, serikali yako inasemaje kuhusu beki wetu wa kushoto?"

"Serikali inasema akapimwe macho. Mlete dukani kwangu."

"Na bajeti je?"

"Bajeti ni wewe kuninunulia pai. Nenda."

Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Lilikuwa jina la mstari wao tu, watu wachache wenye skafu na vikombe vya chai.

Mwaka ule klabu ilikuwa mahututi. Mmiliki alitaka kuitua kama mzigo, wachezaji walicheleweshewa mishahara, na timu ilikuwa inaelekea kushuka daraja. Katikati ya hayo, mbunge wetu akajiuzulu kwa ugonjwa, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Kwa Lorna ilikuwa kama harusi mbili siku moja. Alisoma kila kitu. Aliniuliza kwenye ua, nikianika nguo, "Nasreen, mpenzi, umemsikia huyu Stuart Pilling?"

Nilikuwa nimemsikia. Pilling alikuwa mgombea binafsi, mwenye duka la magari, anazungumza vizuri, anavaa skafu ya klabu hata kwenye joto. Na kila alipopita alisema neno lilelile: kwamba kuna mpango wa siri wa kuuza uwanja wa Mill Lane ili uwe kambi ya wakimbizi. Hakusema nani kamwambia. Nami kwa jina langu, kwa rangi ya wanangu, nilijua neno lile linanilenga na mimi, ijapokuwa nimezaliwa hospitali ileile aliyozaliwa Lorna.

"Sijaona popote," alisema Lorna. "Nimetafuta kote. Nitamuuliza mwenyewe."

Pilling aliitisha mkutano kwenye baa ya mashabiki, chini ya jukwaa kuu. Lorna alikwenda na Dougie, wakakaa kama wanavyokaa uwanjani. Pilling alipomaliza kusema, Lorna akasimama.

"Bwana Pilling, swali dogo. Nani kakwambia kuhusu kambi?"

"Ni jambo linalojulikana, mama."

"Linajulikana na nani? Mimi silijui, na ninasoma mpaka macho yananiuma."

Watu wakacheka. Pilling akatabasamu. "Wakubwa hawatangazi mipango yao gazetini."

"Basi umejuaje wewe?"

Hapo hakucheka mtu. Pilling akanywa maji. Lorna, ambaye akishika jambo haliachii, akaongeza: "Nakwambia hivi. Kama ni kweli, wauze tu, na mimi nitahama mji huu niliozaliwa. Lakini kama si kweli, acha kututisha na uwanja wetu wenyewe."

Waliompigia makofi walikuwepo. Waliozomea nao walikuwepo. Alirudi nyumbani amechangamka, nikamsikia akimsimulia Clive yote, anaigiza sauti ya Pilling, Clive anacheka mpaka anakohoa.

Asubuhi yake birika lililia, kisha kukawa kimya. Sikusikia "Clive, sikia." Nilipotoka kwenda kazini nilimkuta mlangoni amevaa koti, simu mkononi, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

"Nasreen, wamenikata maneno," alisema.

Akanionyesha. Ilikuwa video fupi mno. Lorna amesimama, kidole juu, anasema, "Wauze tu." Basi. Chini yake pameandikwa: WAZIRI WETU ANATAKA UWANJA UUZWE. Ilikuwa imeshatazamwa na watu wengi kuliko wanaoingia Mill Lane msimu mzima.

Mwanzoni tulijaribu kufanya mzaha. Nilimwambia sasa yeye ni maarufu, atuwekee saini kwenye miwani. Lakini maneno yaliyoandikwa chini ya ile video hayakuwa na mzaha. Msaliti. Kibibi. Tunajua anafanya kazi wapi. Na walikuwa wanajua. Siku ileile mwanamume mmoja aliingia dukani, akajifanya anajaribu fremu, akajiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akainama mezani kwake akasema kwa upole kabisa, "Zinanipendeza, Waziri?" Akaziweka chini, akatoka.

Lorna aliniambia afadhali yule mtu angepiga kelele. Ule upole ndio uliomfanya aende chooni akajifungie huko.

Simu ya nyumbani ilianza kulia. Ukiipokea, kimya, pumzi tu, halafu inakatwa. Wakaichomoa. Binti yao Janine akapiga kutoka Leeds, akitaka waje kwake mara moja. Nilisikia Lorna akijibu, "Na baba yako nimbebe vipi? Na mashine?" Clive naye akasema kwa ile sauti yake ya kukatika kwamba yeye hafukuzwi nyumbani kwake na mashabiki wa timu inayoshuka daraja.

Kisha ikaja mtandaoni picha ya nyumba yao.

Mtu alisimama upande wa pili wa barabara, mchana, akapiga picha mlango wao wa kijani na dirisha la sebuleni. Kwenye kona ya dirisha kuna kibandiko cha manjano ambacho watu wa oksijeni huweka ili wazima moto wajue: hatari, gesi ndani, usiwashe moto. Mwenye picha alikuwa amekizungushia duara jekundu. Na chini yake mtu mwingine ameandika, "Kumbe kuna gesi. Nani ana kiberiti?" Baada ya maneno hayo kaweka vikatuni vya kucheka.

Lorna alinionyesha huku amesimama jikoni kwangu. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekauka kama karatasi.

"Ni utani, eti?" aliniuliza. "Niambie ni utani."

Nilikuwa nimeangalia ile picha vizuri. Ukingoni mwake ulionekana mlango wangu.

Polisi alikuja, kijana muungwana, akaandika, akasema watapitisha gari mara kwa mara. Alipoulizwa mara kwa mara ni mara ngapi, akasema inategemea. Lorna akabandua kile kibandiko, halafu akakaa akikitazama, halafu akakirudisha. Je, moto ukitokea kweli na wazima moto wasijue?

Hata usingizi wangu uliharibika. Gari likipunguza mwendo nje, mimi na Lorna tulikuwa tunasimama kila mmoja upande wake wa ukuta, nami nilijua amesimama, naye alijua nimesimama.

Ijumaa ndipo alipojilazimisha kuitazama ile video tena, mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jipu. Aliniita ua wa nyuma.

"Tazama imepigwa kutoka wapi," alisema.

Nikatazama. Kidole chake, shavu lake la kulia, hereni. Karibu sana. Mpigaji alikuwa amekaa, na alikuwa pembeni yake kabisa.

"Na nani ananiita Waziri, Nasreen? Mji mzima huu, nani?"

Yeye mwenyewe hakulitaja jina. Alikunja mikono kifuani, akasema, "Wale wengine siwajui. Nilikuwa nawaogopa, lakini siwajui." Hakumaliza.

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza kwa Dougie, kwa kuwa hakutaka kutembea peke yake mchana kweupe katika mji aliozaliwa. Dougie alifungua mlango akiwa amevaa jezi tayari. Alipomwona, mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

"Ulikuwa wewe," alisema Lorna.

"Ingia ndani, watu wataona."

"Ulikuwa wewe, Dougie."

Akatuingiza. Sebule yake ilikuwa safi na baridi, picha ya marehemu mkewe juu ya runinga. Dougie hakukaa.

"Sikuikata mimi. Nakuapia. Nilimtumia yule kijana wa kampeni ya Pilling, nzima, kila neno. Nikaandika 'Waziri wetu akiwa kazini.' Nilidhani watacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka."

"Na ulipoona wameikata?"

Dougie akageukia picha ya mkewe.

"Dougie, ulipoona wameweka picha ya nyumba yangu? Ulipoona kibandiko cha Clive? Umekunywa chai kwenye dirisha lile."

"Pilling alisema ataiokoa klabu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sina kingine, Lorna. Unajua sina kingine. Jumamosi hadi Jumamosi."

"Video nzima unayo?"

"Ninayo."

"Iweke mtandaoni basi. Sasa hivi. Watu waone nilisema nini."

Dougie akatazama dirishani, kisha akavuta pazia. Ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa na hofu, hofu ileile, ya kusikiliza magari. "Nikiiweka watajua ni mimi. Wamo wendawazimu mle, Lorna. Unawaona wanavyoandika. Watakuja kwangu."

"Wako kwangu tayari," alisema Lorna.

Dougie hakugusa simu. Tukatoka.

Mchana ule Calderwick walikuwa wanacheza mechi ya kufa au kupona, na Pilling alikuwa ametangaza maandamano ya amani baada ya mpira, kutoka uwanjani hadi ukumbi wa mji. Njia yake inapita mwisho wa mtaa wetu. Mume wangu aliwachukua watoto akawapeleka kwa mama yake. Mimi nilibaki. Sikuwa shujaa, nilikuwa tu siwezi kumwacha Lorna na ile mashine inayonguruma. Nikapita ua wa nyuma nikaketi nao, tukasikiliza mechi redioni, mapazia yamefungwa.

Tulifungwa bao dakika za mwisho. Clive akainua vidole viwili. Hakuna aliyecheka.

Mtangazaji alipoaga, Lorna akazima redio, tukawasikia. Kwanza ilikuwa kama upepo tu, mbali. Kisha ngoma. Kisha nyimbo za klabu, zilezile Lorna alizoziimba tangu utotoni, zikija kwa kukaribia. Nikawa naomba moyoni, wapite, wapite, wapite moja kwa moja. Walio wengi walipita. Nadhani walio wengi hawakujua hata Lorna anakaa wapi. Lakini kundi dogo likajikata kutoka kwenye umati, na wimbo ukabadilika.

"Waziri! Waziri! Toka nje, Waziri!"

Kitu kikagonga mlango. Chupa, nadhani. Clive alijaribu kuinuka kwenye kiti, midomo imegeuka rangi.

"Kaa, mzee, kaa," Lorna alimwambia, halafu papo hapo akabadili. "Hapana, simama. Tunatoka nyuma. Nasreen, mshike huku."

Nilichungulia pazia sekunde moja nikatamani nisingechungulia. Walikuwa vijana na watu wazima, wengine na bia mikononi, mmoja amembeba mtoto mabegani. Na mmoja alikuwa na mwenge wa moshi mwekundu, kama ile ambayo mashabiki huiwasha uwanjani, unatema cheche, na moshi umewafunika mpaka viunoni.

"Wana moto," nilisema.

Lorna akazima mashine. Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Clive alikuwa na mtungi mdogo wa kutembelea, Lorna akautundika begani, akampitishia mrija puani, na tukaanza kwenda. Mtu asiye na pumzi hakimbii. Hatua moja, kupumzika. Hatua moja, kupumzika. Jikoni kwao ni padogo, nimepita mle mara elfu, siku ile hapakuisha. Nyuma yetu kitundu cha barua mlangoni kilikuwa kinapigwapigwa, pa, pa, pa, na mtu anaita kupitia pale, kwa sauti ya kubembeleza watoto, "Waaaziri, tunajua umo."

Ndipo tukasikia sauti nyingine, ya mtu mzima, inapasuka.

"Ondokeni hapo! Kuna mgonjwa ndani! Ondokeni!"

Lorna alisimama. "Dougie," alisema.

"Twende," nilimwambia.

"Ni mimi niliyepiga ile video!" Dougie alikuwa anapiga kelele huko nje. "Mimi! Hajasema vile! Wameikata! Mimi nilikuwepo, mnanijua, mimi Dougie wa mikate!"

Mtu akamtukana. Mtu akacheka. Wengine, waliniambia baadaye walioona, walianza kurudi nyuma, maana kweli walimjua. Lakini yule wa mwenge hakurudi. Tulikuwa tumefika ua wa nyuma, Clive ameegemea pipa la takataka, mimi nahangaika na komeo la geti langu, tuliposikia kioo cha mlango wa mbele kikivunjika na mluzi wa ule moto ukiingia ndani.

Nilifungua geti. Tukamwingiza Clive jikoni kwangu, tukamkalisha sakafuni. Lorna alikuwa anamshika uso kwa mikono miwili, anamwambia, "Nitazame mimi. Pumua. Nitazame." Nikawapigia wazima moto. Nilipotaja oksijeni, yule dada wa simu sauti yake ikabadilika, akaniambia tutoke hata kwangu, twende mbali zaidi. Nikamwangalia Clive. Hakuwa mtu wa kwenda mbali zaidi. Nikasema sawa, kisha sote watatu tukabaki palepale, tukiusikiliza ukuta.

Nyumba haikulipuka. Dougie alikuwa amepitisha mkono kwenye kioo kilichovunjika akafungua kitasa, akaingia, akaukuta mwenge umelala kwenye zulia la ukumbini, na zulia limeshika moto. Akauchukua kwa mkono wake mtupu akautupa nje, kisha akalikanyaga zulia na kulifunika kwa makoti. Polisi walimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, mkono wake ameushikilia mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

Aliiweka video nzima jioni ileile akiwa hospitalini, kwa mkono wa kushoto. Iliwafikia watu wachache. Baadhi walimwandikia Lorna kuomba radhi, na mmoja alileta maua akayaacha dukani bila kujitambulisha. Kijana wa mwenge alikamatwa, alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kuishi Calderwick. Pilling alisema redioni kwamba amesikitishwa, kwamba hajawahi kumtuma mtu nyumbani kwa mtu. Akashindwa uchaguzi kwa kura chache. Kuhusu ile kambi, hakuna iliyojengwa wala iliyopangwa, lakini hadi leo ukiingia kwa kinyozi utakuta mtu anakuambia ilizuiliwa dakika za mwisho.

Klabu ilishuka daraja. Ikapata mmiliki mpya na kocha mpya. Lorna alizibisha kile kitundu cha barua kwa ubao, na barua zao sasa zinakuja kwangu. Asubuhi bado anasoma, nalisikia birika, nakisikia kimya chake kirefu cha kusoma. Habari hazisomi tena kwa sauti. Mpira anausikiliza redioni. Nilimwambia msimu mpya twende wote, mimi nitakaa pembeni yake, akasema, "Labda, mpenzi," kama mtu anavyomjibu mtoto.

Dougie alikuja mwezi Agosti. Nilikuwa nje napalilia vyungu vyangu. Mkono wake ulikuwa bado kwenye glovu ya hospitali. Aligonga, akarudi nyuma hatua moja ili aonekane dirishani.

"Nani?" sauti ya Lorna, ya karibu, nyuma kabisa ya mlango.

"Mimi. Dougie."

Nilisikia mnyororo ukiguswa, kisha ukaachwa.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu." Alikuna shingo. "Kocha mpya umemsikia? Anasema atacheza na mabeki watatu."

Nilidhani Lorna ameondoka kwenda zake ndani.

"Watatu wapi," Lorna alisema hatimaye. "Hata wawili hatuna."

Dougie akaketi kwenye ngazi, mgongo wake ukiegemea mlango. Wakaongea pale kwa muda mrefu, kuhusu golikipa, kuhusu waziri wa fedha, yeye nje, Lorna ndani. Mlango haukufunguliwa. Jua lilipofika upande wao wa barabara, Dougie alisimama taratibu, akasema basi, na Lorna akasema basi. Nikamtazama akiteremka mtaa wetu, akigeuka nyuma kila gari lilipopita.